Kupita Mikumi Usiku Bila Kugonga Mnyama: Mwongozo kwa Madereva

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia haiizunguki Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Inaipasua katikati. Ukitoka Morogoro, ukishaiacha Doma unaingia ndani ya hifadhi, na hutoki mpaka ukaribie mji wa Mikumi, mwendo wa kilomita 50 hivi. Hakuna uzio kulia wala kushoto. Kaskazini ni uwanda wa Mkata, kusini pori linaendelea kuelekea Hifadhi ya Nyerere, na wanyama wanavuka huku na huko kufuata majani na maji, kama walivyovuka kabla lami haijawekwa. Malori ya mizigo yamepita hapo usiku kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, nayo yamejiunga.

Ukishika mawili tu kati ya haya yote, yawe haya: usiku usikimbie kuliko taa zako zinavyoona, na mnyama akitokea mbele yako, kanyaga breki na ubaki kwenye njia yako. Mengine yote yanakusaidia kuyatimiza hayo mawili.

Hatua ya 1: Panga saa ya kupita

Kinga kubwa kuliko zote ni kupita mchana. Kutoka Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi, lakini foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze hayatabiriki. Anayeondoka Dar saa 6 au saa 7 mchana mara nyingi anaiona Doma jua likizama, na hiyo ndiyo saa mbaya. Anayeondoka saa 11 alfajiri anapita hifadhini asubuhi jua likiwa juu, wanyama wameshaanza kutafuta kivuli.

Saa za kuogopa ni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, na kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 1 asubuhi. Joto limepungua, wanyama wanatembea, wanakula, wanakwenda kunywa maji. Jioni ina hatari yake ya ziada. Mbingu bado ina mwanga, taa za gari hazijaanza kufanya kazi yake, na dereva anaamini anaona vizuri, kumbe rangi ya swala na rangi ya nyasi kavu zimeshakuwa kitu kimoja. Watu wanapunguza mwendo giza likiingia kabisa. Wapunguze nusu saa kabla.

Ikiwa umechelewa, lala. Morogoro kuna nyumba za wageni za kila bei, na mji wa Mikumi umejaa malazi kwa sababu hiyo hiyo. Anayetoka Iringa akiwa ameshuka Kitonga na kupita Ruaha Mbuyuni jua limezama, alale Mikumi mjini, aamke aingie hifadhini kukiwa kumekucha. Najua kuna safari zisizosubiri: mgonjwa, msiba, mzigo wenye saa. Kwa safari hizo ndiyo hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Andaa gari kabla hujaondoka

Taa kwanza. Magari mengi tunayoendesha yameshatumika Japani miaka mingi kabla ya kushuka bandarini, na kava la taa limekuwa la njano lenye ukungu. Mwenye gari haoni tofauti kwa sababu limechakaa polepole, lakini mwanga unaofika barabarani ni kidogo sana kuliko inavyotakiwa. Fundi analisugua kwa msasa laini wa maji na kulipiga polishi, kazi ya muda mfupi. Balbu za LED za bei rahisi kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida ziache. Mwanga unatawanyika, unamuumiza anayekuja, na wewe mwenyewe unaona nyasi za karibu zinang'aa huku mbele kukiwa kiza.

Kisha elekeza taa. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, washa taa zilizoshushwa. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa kama sentimita 5. Fanya jaribio hili gari likiwa na mzigo na abiria wake, maana ukijaza magunia ya mpunga wa Ifakara nyuma ya Noah, nyuma inalala, pua inainuka, na taa zinamulika matawi ya miti badala ya lami. Magari mengi yana kitufe cha kushusha taa karibu na usukani, chenye namba 0 hadi 3 au zaidi, na wengi hawajawahi kukigusa. Ukiwa na mzigo, kiguse.

Wanaokuja na magari yenye usukani wa kushoto kutoka Rwanda, Burundi au Congo wana jambo la kuongeza. Taa zao zilizoshushwa zimeundwa kumulika mbali zaidi upande wa kulia, kwa sababu huko kwao kulia ndiyo kando ya barabara. Tanzania mwanga huo unampiga machoni anayekuja, na kando ya kushoto, ambako swala amesimama, kunabaki giza. Baadhi ya magari yana kitufe cha kubadili upande. Kama lako halina, punguza mwendo kuliko wenyeji.

Kioo cha mbele kisafishwe nje na ndani. Ndani ndiko kunakosahaulika. Vumbi, pumzi na mafuta yanayotoka kwenye dashibodi vinatengeneza utando usioonekana mchana, lakini taa ya lori ikikupiga, kioo chote kinakuwa cheupe. Kitambaa kilicholowa kidogo kisha kikavu vinatosha. Jaza maji ya wipa, maana wadudu wa Mkata wakati wa mvua wanaziba kioo ndani ya dakika kumi.

Breki, matairi, mikanda: unajua. Nisisitize mkanda wa abiria wa nyuma, hasa watoto. Jaza mafuta Morogoro au Mikumi mjini ili usije ukaishiwa katikati ya pori, na simu iwe na chaji.

Hatua ya 3: Chagua mwendo kwa hesabu, usichague kwa ujasiri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapobishana.

Taa zilizoshushwa za gari dogo zinakuonyesha mnyama kwa umbali wa kama mita 50, kushoto zaidi kidogo, kulia pungufu. Taa kali zinafika mita 100 na zaidi. Sasa angalia gari linahitaji nini. Tangu jicho limwone mnyama hadi mguu ukanyage breki, dereva asiyechoka anatumia kama sekunde moja na nusu. Gari linaendelea kwenda muda wote huo. Baada ya hapo ndipo breki zinaanza kazi.

Ukiwa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu na matairi mazima, gari dogo litasimama baada ya mita 35 hivi, ukihesabu na muda wa kushtuka. Ukiwa 80, utahitaji karibu mita 70. Ukiwa 100, karibu mita 100. Lami ikiwa imelowa, gari likiwa na mzigo, au dereva akiwa na usingizi, ongeza.

Kwa maneno mengine, dereva wa 80 aliyeshusha taa kwa sababu lori linakuja anaendesha kipofu. Akimwona pundamilia, ameshachelewa kabla hajafanya kosa lolote la mikono au miguu. Uzoefu haufupishi mita hizo. Gari jipya linazifupisha kidogo tu.

Ndiyo maana usiku ndani ya hifadhi nasema usizidi 50, na ukiona macho au kinyesi kibichi cha tembo barabarani, shuka hadi 30. Na gharama ya muda ni hii: kilomita 50 kwa mwendo wa 50 ni saa moja, kwa mwendo wa 80 ni dakika 37 au 38. Unaokoa dakika 22. Mtu anayekwenda Mbeya hawezi kuniambia dakika 22 zinabadilisha safari yake.

Matuta yaliyowekwa hifadhini yana sababu, na mahali yalipo panakuambia kitu: wanyama hupendelea kuvuka karibu na hapo. Wapo wanaopunguza kwenye tuta kisha wanakanyaga mafuta kwa hasira kufidia. Kaa kwenye mwendo mmoja kutoka tuta hadi tuta.

Hatua ya 4: Tumia taa na macho

Barabara ikiwa tupu, washa taa kali na uziache. Gari likitokea mbele shusha mapema, na unaposhusha taa, punguza na mwendo kwa pamoja, kwa sababu umejipunguzia macho. Taa za lori zinapokukaribia, usizitazame. Peleka macho kwenye mstari mweupe wa kushoto na uufuate mpaka lori lipite. Sekunde chache baada ya lori kupita macho bado hayajarudi sawasawa, na ni katika sekunde hizo hizo wanyama huvuka. Swala aliyesimama kando akiogopa kishindo cha lori anakurupuka mara tu linapopita, naye hajui kuwa nyuma yake unakuja wewe.

Punguza mwanga wa dashibodi. Zima taa ya ndani na video ya abiria wa mbele. Jicho lililozoea kioo cha simu halioni kitu nje.

Macho yasikae katikati ya barabara. Yapitishe kando ya kushoto, mbele, kando ya kulia, tena na tena. Unachotafuta kwanza ni macho ya mnyama. Ya swala yanaonekana kama nukta mbili za kijani-njano, usawa wa kiuno cha mtu, zinawaka kisha zinazimika. Zimezimika kwa sababu amegeuza kichwa au ameinama kula. Bado yupo, na wenzake wapo. Wengi wanafanya kosa hapo: wanaona macho yamepotea, wanadhani njia ni nyeupe, wanaongeza mwendo.

Si kila mnyama macho yake yatakuonyesha. Nguruwe pori macho yake hayang'ai kwenye taa. Tembo na twiga macho yao yako juu kuliko mwanga wa taa zilizoshushwa. Nyati ni mweusi, na ukimkuta amekupa ubavu huoni kitu mpaka uwe karibu mno. Kwa hao tafuta alama nyingine. Mstari mweupe uliokuwa ukiuona mbele ukikatika, kuna kitu kimesimama juu yake. Taa za gari linalokuja kwa mbali zikimeta-meta, zikiwaka na kuzimika kwa haraka, kuna miguu inapita mbele yake. Ukiona mihimili miwili mitatu myembamba imesimama katikati ya lami, hiyo ni miguu ya twiga, na mwili wake uko juu gizani.

Dereva wa mbele akikuwashia taa mara mbili tatu, mchana tumezoea kuelewa kwamba kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Usiku ndani ya Mikumi chukulia anakuambia kuna wanyama. Nawe ukiwapita wanyama, mwashie anayekuja. Dereva asiyekujua anaweza kufika nyumbani kwa sababu yako.

Kama una mwenzako kiti cha mbele, mpe kazi. Utingo au abiria atazame kushoto tu, wewe utazame mbele na kulia, na akiona kitu aseme neno moja mliloafikiana, "breki" au "kushoto", asianze kueleza ni mnyama gani. Hii inasaidia kuliko kifaa chochote unachoweza kununua. Vile vipenga vya kubandika kwenye bampa vinavyouzwa kwamba vinafukuza wanyama, usivitegemee.

Usimfuate lori kwa karibu ukidhani linakusafishia njia. Linakuficha barabara, na likigonga mnyama, wewe ndiye unayekuta mzoga umelala kwenye lami mita 20 mbele yako. Acha nafasi ya sekunde nne: lori likipita kibao, hesabu hadi nne kabla wewe hujafika kibao hicho. Ndani ya hifadhi usiku usilipite gari jingine. Saa moja, vumilia.

Hatua ya 5: Mjue unayeweza kukutana naye

Swala pala ndiye utakayemwona zaidi. Anapenda kando ya barabara kwa sababu maji ya mvua yanatiririka kutoka kwenye lami na kuacha majani mabichi hata kiangazi, na kwa sababu mahali palipo wazi anamwona adui mapema. Anatembea kwa kundi. Akivuka mmoja, hesabu kwamba kumi wanamfuata, hata kama huwaoni. Na anaruka: anaweza kwenda mita 10 kwa mruko mmoja na kupanda juu hadi mita 3, kwa hiyo swala aliye nje kabisa ya lami anaweza kuwa mbele ya bampa kabla hujamaliza kupumua. Akishtuka hachagui upande salama. Anakimbilia kundi lake, na kama kundi liko ng'ambo ya barabara, atapita mbele yako.

Pundamilia na nyumbu wanavuka kwa mstari. Mstari ukikatika usiupenye. Subiri mkia wake. Twiga ni mzito na hana haraka, na anaweza kufika katikati akageuka kurudi alikotoka. Nyati hakimbii gari. Viboko wanatoka majini usiku kula majani, ni wafupi, wa rangi ya lami, na uzito wao unazidi tani moja.

Simba huweza kulala juu ya lami usiku kwa sababu inabaki na joto. Fisi utamkuta kwenye mzoga. Ukiona mzoga barabarani, pita polepole sana, maana aliyekuja kuula yuko karibu na macho yake yako kwenye nyama.

Nyani na ngiri ni shida ya mchana. Usiku nyani yuko juu ya mti na ngiri yuko shimoni. Lakini wale abiria wanaorusha maganda ya ndizi na mahindi dirishani mchana wanawafundisha wanyama kuja barabarani, na mabaki yanavuta fungo na fisi usiku. Dereva wa basi, wakataze abiria wako.

Hatua ya 6: Ametokea. Fanya hivi

Kanyaga breki kwa nguvu, kwa mguu wote. Gari lenye ABS, mfumo unaozuia matairi yasifunge, litatetemesha pedali. Usiogope, endelea kukanyaga. Lisilo na ABS, matairi yakianza kuburuza legeza kidogo kisha kanyaga tena. Shika usukani kwa mikono miwili, unyooke.

Usikate kona. Hili ndilo linaloua. Swala pala mzima ana kilo 40 hadi 75. Ukimgonga ukiwa umeshapunguza mwendo, utapoteza bampa, taa, pengine rejeta. Ukimkwepa kwa ghafla ukiwa 80, unakwenda uso kwa uso na semi-trela, au unatoka nje ya lami na gari linabiringika. Noah, Hiace, Land Cruiser, gari lolote refu lenye mzigo juu, linabiringika kwa urahisi kuliko dereva wake anavyodhani. Inauma kusema mgonge swala. Lakini ndani ya gari kuna watu.

Kwa mnyama mkubwa kama nyati, pofu, pundamilia au twiga, breki ndiyo kila kitu: kila kilomita ya mwendo unayoipunguza kabla ya kumfikia inapunguza nguvu ya kishindo. Twiga ukimgonga miguu, mwili unaangukia kioo na paa. Ikiwa mwendo umeshashuka sana, una uhakika hakuna gari linalokuja, na una nafasi, elekeza gari taratibu nyuma ya mnyama, kule alikotoka, kwa sababu yeye anaendelea mbele. Hiyo ni kwa mwendo wa chini tu. Swala huwa hafuati kanuni hiyo.

Mnyama akiwa amesimama anashangaa taa, zishushe na upige honi fupi. Mwanga mkali unamfanya asijue pa kwenda. Akiondoka, ngoja kidogo kabla hujasogea, uone wa pili.

Hatua ya 7: Tembo ni habari nyingine

Ukiona tembo kwenye lami au kando yake, simama mbali, mita 50 kwa uchache na zaidi ikiwezekana. Washa hazadi ili wa nyuma wakuone, shusha taa, acha injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Usipige honi. Usimulike. Usijaribu kupita kati ya mama na mtoto, na gizani huwezi kujua mtoto yuko upande gani, kwa hiyo usipite katikati ya tembo wowote wale.

Akisimama akakuelekea, masikio ameyatanua, kichwa juu, rudi nyuma polepole. Ndiyo sababu unaposimama lazima uache nafasi kati yako na gari la mbele na umwombee wa nyuma naye awe ameacha. Kundi likishavuka, subiri tena dakika kadhaa. Wachelewaji ni watoto na mama zao.

Hatua ya 8: Ikiwa umeshagonga

Washa hazadi, sogeza gari kando kama linatembea, angalia abiria. Kisha kaa ndani. Mnyama aliyejeruhiwa anapiga teke na pembe, nyati aliyejeruhiwa anarudi kushambulia, na harufu ya damu inasafiri. Usishuke kuangalia bampa. Picha za bima piga kupitia dirishani, nyingine utapiga getini.

Gari likitembea na rejeta haivuji, endelea polepole hadi kituo cha karibu cha askari wa hifadhi au mji wa karibu, utoe taarifa. Gari likikataa, piga 112, na umwombe dereva wa lori anayepita asimame nyuma yako na taa zake zote akuwakie. Kama kuna majeruhi, lori au basi lolote linaloweza kumfikisha Mikumi mjini lisisubiri taratibu. Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa ajili ya majeruhi, ifuatiliwe kituoni huku ndugu wengine wanamwahi mgonjwa hospitali.

Toa taarifa hata kama hakuna aliyeona. Hifadhi ina viwango vya faini kwa kila mnyama, vinatajwa kwa dola, na kwa twiga au tembo ni maelfu. Najua hilo ndilo linalowafanya watu wakimbie. Lakini bampa lililopinda lenye manyoya litaonekana mbele ya safari, na mzoga ulioachwa kwenye lami utamuua dereva wa nyuma yako au utawavuta simba barabarani. Taja kibao cha kilomita kilicho karibu na mahali ulipogonga ili askari waufikie upesi.

Nyama usiiguse. Hata swala aliyekufa mbele ya macho yako, hata kama umekata tamaa na hasara ya gari. Ile ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo kwenye buti bila kibali ni kesi ya jinai yenye kifungo kirefu. Watu wamepoteza miaka ya maisha yao kwa paja moja.

Bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu, haitakulipa chochote kwa gari lako mwenyewe. Bima kubwa ndiyo inayoweza kulipa, na itataka ripoti ya polisi. Anayepita Mikumi kila wiki akae chini alinganishe bei ya bima kubwa na bei ya rejeta, taa na boneti kwa pamoja.

Barabara nyingine

Nimetumia Mikumi kwa sababu ndiyo tunayoipita wengi, lakini hesabu ya mita haibadiliki. Kenya, barabara ya Nairobi–Mombasa kati ya Mtito Andei na Voi ina Tsavo Mashariki upande mmoja na Tsavo Magharibi upande wa pili. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina njia za chini za kupitisha wanyama, ila lami ya malori ni ile ile, na tembo wa pale wamepakaa udongo mwekundu ambao kwenye taa unafanana na kingo za barabara. Uganda, kutoka Karuma hadi Pakwach unapita kando ya Murchison Falls, na pale Katunguru kwenye barabara ya Kasese jihadhari na tembo na viboko. Hapa Tanzania, kati ya Makuyuni na Babati, pundamilia na nyumbu wanavuka Kwakuchinja wakihama kati ya Tarangire na Manyara.

Ndugu zetu walio Marekani wana kulungu wa huko, na miezi yao mibaya ni Oktoba hadi Desemba, msimu wa kupandana, madume yanapokimbia bila kuangalia. Ushauri ni ule ule: ukiona mmoja tarajia wa pili, kanyaga breki, usikate kona. Tofauti ni kwamba huko hutamkuta hifadhini tu. Anakula bustani za watu mitaani, kwa hiyo anayetoka zamu ya usiku kiwandani anaweza kumkuta hatua chache kutoka nyumbani.

Na kwa Dodoma, Singida na Longido, mnyama wako wa usiku ni punda. Ana rangi ya lami, anapenda joto lake, na hasogei kwa honi wala kwa taa. Simama kabisa, washa hazadi, na kwa kuwa hapo si hifadhini, abiria mmoja aweza kushuka na tochi, aangalie kwanza magari ya nyuma, kisha amswage atoke barabarani.